Nani Ameshika Rimoti? Watoto Wetu na Runinga Katika Mwezi Mtukufu

(Mada iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana baada ya swala ya Alasiri, Kawangware, Nairobi, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Mtume Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na masahaba zake, na wote waliofuata nyayo zao mpaka siku ya malipo.



Kwanza nawashukuru vijana wa jumuiya yetu kwa kuniita. Waliponiambia niseme juu ya runinga na watoto, niliwauliza, "Mbona mimi? Si mtafute sheikh mkubwa kutoka mjini?" Wakaniambia, "Maalim, wewe una watoto na una runinga, inatosha." Basi sikuja hapa kutoa fatwa. Nimekuja kama mzazi aliyekosea, ili anayetaka kujifunza kwa kosa langu asilipie mara ya pili.

Nitaanza na kosa lenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, Jumamosi moja, nilikuwa tauni kwa shughuli zangu. Nikaswali Magharibi pale Jamia, nikapanda matatu ya 46, nikafika nyumbani karibu saa mbili. Nikawakuta watoto wangu watatu wamekaa kwenye mkeka na nyanya yao, mamake mke wangu. Kwenye runinga kulikuwa na tamthilia. Sasa, wazee wangu, mnajua zile tamthilia. Kilichokuwa kikionyeshwa wakati ule mimi sikuweza kukitazama mbele ya mama mkwe. Nikainamisha macho. Nyanya naye akajifanya anatafuta miwani. Watoto peke yao ndio waliokuwa wanatazama.

Nikachomoa waya palepale. Kesho yake nikabeba runinga nikampelekea ndugu yangu Kangemi. Nikatangaza: katika nyumba hii hakuna runinga tena. Na nilijisikia vizuri, wallahi. Nilijiona nimefanya kazi ya mzazi. Mpaka nikawa nawasimulia watu barazani, na wao wananiambia maashaallah.

Haikupita miezi miwili, jirani yangu mmoja wa bodaboda akaniita pembeni. Akasema, "Maalim, usikasirike. Kijana wako namwona sana pale kibandani." Kibanda gani? Kibanda cha video. Nyinyi vijana mnavijua: mabati, pazia jeusi mlangoni, benchi za mbao, runinga kubwa mbele, na DJ anayetafsiri sinema kwa Kiswahili na Sheng. Unatoa shilingi kumi unaingia. Hakuna anayekuuliza una miaka mingapi. Kijana wangu alikuwa na miaka tisa. Sisi alituambia anaenda kudurusu juzuu na wenzake. Zile shilingi kumi zilikuwa pesa za mandazi.

Tena kuna jambo nyumbani tulilokuwa tumeliona na hatukulielewa. Usiku alikuwa anashtuka analia. Mamake akadhani ni homa. Tukampeleka kliniki, tukamsomea Ayatul Kursiy kila usiku. Ayatul Kursiy ni kinga, hilo halina shaka. Lakini mtoto mchana alikuwa anaenda kukaa gizani na vijana wakubwa, anatazama watu wanachinjwa, na baba yake hajui.

Nilipomuuliza, "Mbona hukuniambia?" alinijibu kwa sauti ndogo: "Ungenikataza na huko pia."

Ndugu zangu, jibu hilo lilinikalisha chini. Nilidhani nimemwondolea mtoto sinema mbaya. Kumbe mimi ndiye niliyemfunza kutafuta mahali ambapo sitamwona. Katika sinema mbaya na uongo, sijui ni lipi lililoniuma zaidi.

Haya, turudi kwenye dini yetu, tuone inatuambia nini.

Katika Suratut-Tahrim, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anatuamrisha sisi walioamini tujikinge na moto, sisi wenyewe na watu wa nyumba zetu. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Baba ni mchunga katika nyumba yake, na mama vilevile. Hadithi hii tunaisikia sana mimbarini. Lakini hebu tufikirie mchunga anafanya nini hasa. Mchunga hafungi mbuzi zizini mwaka mzima akasema nimechunga, maana watakufa njaa au watavunja ua. Wala hawafungulii asubuhi akalala. Mchunga huenda nao malishoni. Anajua majani yapi yana sumu kwa sababu amefika mahali penyewe.

Sasa nawaletea mifano miwili kutoka wakati wa Mtume (s.a.w.), nayo inalingana sana na mambo yetu ya leo.

Wa kwanza, masahaba wanawake wa Madina. Imepokewa kuwa walipokuwa wakifunga siku ya Ashura waliwafungisha na watoto wao wadogo, na wakawatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufi. Mtoto akilia kwa njaa, anapewa kile cha kuchezea mpaka wakati wa kufuturu ufike. Mnaona? Kumshughulisha mtoto asahau njaa si jambo la leo. Mama wa leo anayewasha katuni saa kumi jioni ili mtoto avumilie mpaka adhana, nia yake ni ileile. Tusimlaumu. Tofauti ni kwamba yule mama wa Madina alikitengeneza kile kitu kwa mkono wake, alikijua ndani na nje. Wa leo anawasha tu, halafu anakimbilia jikoni kukaanga sambusa, na hajui ni nani anayezungumza na mwanawe kule sebuleni.

Mfano wa pili ni wa Bibi Aisha (r.a.). Siku ya Idi Wahabeshi walikuwa wanacheza kwa mikuki msikitini, naye akatamani kutazama. Mtume (s.a.w.) hakumkataza, wala hakumwambia nenda katazame ukimaliza urudi. Alisimama naye. Akamsitiri, akatazama pamoja naye, mpaka mwenyewe alipochoka. Hadithi hii pia iko katika Bukhari na Muslim. Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye kazi zote zile za umma, alikuwa na nafasi ya kusimama na mtu wa nyumbani kwake akitazama mchezo. Sisi tuna kazi gani kumshinda?

Basi hilo ndilo neno langu la leo: kuamua mtoto atazame nini ni kukaa naye. Nitaeleza kwa nini, halafu vipi.

Wazee walio hapa watakumbuka. Runinga ilianza nchini mwetu mwaka 1962, na kwa muda mrefu tulikuwa na kituo kimoja tu cha taifa, Sauti ya Kenya, ambacho mwaka 1989 kikawa KBC. KTN ilianza mwaka 1990. Wakati huo ploti nzima ilikuwa na runinga moja, watu wamejaa, wazee mbele, watoto chini. Kukitokea jambo la aibu, mzee anakohoa, mtu anasimama anazima. Ile runinga ilikuwa na wachunga ishirini.

Kisha vituo vikaongezeka. Mwaka 2015 mitambo ya zamani ikazimwa, tukahamia dijitali, na wote mnakumbuka vile vituo vikubwa vilipotea hewani majuma kadhaa kati ya Februari na Machi mwaka huo kwa sababu ya mvutano ule. Tukaenda Luthuli Avenue kununua ving'amuzi. Leo king'amuzi cha bei ya chini kabisa kina makumi ya vituo. Halafu simu ikaja, na mtoto ana YouTube peke yake chini ya blanketi. Wachunga wale ishirini hawapo. Amebaki mmoja, na huyo mmoja yuko kazini mpaka usiku.

Mtu atasema, "Lakini Maalim, serikali ipo." Kweli ipo. Tuna Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB, inayofanya kazi chini ya sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222. Bodi hii inatazama sinema na kuzipa alama. GE ni ya watu wote. PG ni ya kutazamwa kwa uongozi wa mzazi. Kuna 16, na kuna 18. Nawauliza, ni wangapi hapa wanaoziangalia alama hizi kabla ya kuwaachia watoto? Na ile PG, hebu fahamuni maana yake. Bodi inakwambia: hii mtoto anaweza kutazama, ila wewe uwepo. Sisi tunaiona PG tunasema hii ni sawa, tunatoka. Yaani alama inayotuita tukae ndiyo tunayoitumia kuondoka.

Tena kuna Mamlaka ya Mawasiliano na kanuni zake za utangazaji. Kanuni hizo zimeweka saa za familia, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku. Katika saa hizo kituo kisionyeshe mambo ya watu wazima. Baada ya saa nne usiku wana ruhusa zaidi, kwa hesabu kwamba watoto wamelala.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo Ramadhani inapoingia. Hesabu hiyo ni nzuri kwa miezi kumi na moja. Lakini katika Ramadhani, watoto wetu saa nne usiku wamelala? Hawajalala! Wametoka tarawehe saa tatu au saa tatu u nusu, wamefika nyumbani, wanakula, wana furaha, nyumba imechangamka. Saa nne na nusu bado wako sebuleni. Kisha wanaamshwa daku. Saa kumi alfajiri mama yuko jikoni anapasha chakula, na mtoto mwenye usingizi anawashiwa runinga ili asirudi kulala. Saa kumi hadi kumi na moja ni saa ya watu wazima bado!

Kwa hivyo mwezi huu mtukufu, ambao tunafunga macho na ulimi pamoja na tumbo, ndio mwezi ambao watoto wetu wako macho katika saa zile ambazo kanuni haiwalindi. Hakuna aliyetufanyia hila. Kanuni imewekwa kwa nchi nzima, na nchi nzima haili daku. Pengo hilo ni letu sisi kuliziba.

Na hata mchana tusitegemee Bodi peke yake. Mnakumbuka Juni mwaka 2017? Bodi ilitoa agizo vipindi sita vya katuni viondolewe kwenye runinga ya kulipia, vikiwemo The Loud House, Hey Arnold na Adventure Time, ikisema vina mambo ya mahusiano ya jinsia moja yasiyolingana na maadili yetu. Watu wakazungumza sana, wengine wakiunga mkono, wengine wakipinga. Mimi nilijiuliza jambo dogo tu. Siku ile tulipoyasikia majina yale, ni baba wangapi walikuwa wameshawahi kuyasikia? Watoto waliyajua yote. Vipindi vile vilikuwa sebuleni kwetu, na mtu wa kutuambia kilicho sebuleni kwetu alikuwa ofisa wa kule Uchumi House.

Sasa nitaje makosa manne ambayo wazazi tunayafanya. Na mimi nimo.

La kwanza, "Si ni katuni tu." Katuni ni namna ya kuchora, si alama ya umri. Kuna katuni za watoto wa miaka mitatu, na kuna katuni za watu wazima zenye matusi na damu.

La pili, "Hii ni ya Kiislamu." Hapa tuwe wakweli. Tamthilia ya Ertugrul kutoka Uturuki imependwa sana, na mimi nimeitazama. Ina adhana, ina dua, ina ushujaa. Ina pia panga na vichwa vinavyokatwa. Kwa kijana wa miaka kumi na saba sawa, mzungumze. Kwa mtoto wa miaka mitano si sawa, hata kama anayekata amesema Bismillahi. Katika nchi za Kiarabu, Ramadhani ndio msimu mkubwa kabisa wa tamthilia, mpya zinatolewa kila usiku wa mwezi. Si zote zinafaa watoto kwa sababu tu zimetoka Cairo. Kilemba si cheti.

La tatu, tunamchagulia mtoto na hatujichagulii sisi. Saa kumi na mbili baba anazima katuni, anasema inaharibu akili. Saa mbili anawasha tamthilia yake, na mtoto yuleyule amekaa kwenye kochi lilelile. Dada mmoja aliniuliza, "Maalim, na mimi nitatazama nini nimechoka na kazi?" Ni swali la haki. Nilimwambia, ikiwa kipindi unakiona kibaya kwa mtoto, mngoje alale. Na ikiwa huwezi kukitazama na mama mkwe wako, basi jiulize tena.

La nne ni langu: kukataza kila kitu na kudhani umemaliza. Sijasema asiyeweka runinga nyumbani amekosea. Wako wasionayo na watoto wao wamelelewa vyema, kwa sababu wazazi wamekaa nao kwa mambo mengine. Mimi niliondoa runinga, na mahali pake sikuweka kitu. Mtoto akaenda kujaza mwenyewe.

Haya, tufanye nini? Nitasema mambo ambayo mtu anayekaa chumba kimoja Gatina anaweza, na anayekaa nyumba kubwa Lavington anaweza.

Moja, umri. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo: mtoto ambaye hajafika miaka miwili, runinga na simu asipewe, wa miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Mtume (s.a.w.) ametufundisha tumwamrishe mtoto swala afikapo miaka saba. Swala tunaingoja miaka saba, na simu tunampa kabla hajaota meno. Tujirekebishe.

Mbili, tazama kwanza. Kabla ya kumruhusu mtoto kipindi kipya, kaa nacho mara mbili, mwanzo mpaka mwisho. Jiulize: anayesifiwa hapa ni nani, na anapata anachotaka kwa njia gani? Kwa subira na akili, au kwa uongo na ngumi? Kinachochekwa ni nini? Ni mzazi, ni maskini, ni mtu mnene, ni kiwete? Watoto wa humo wanazungumza vipi na mama zao? Na kikishaisha, mwanao anacheza mchezo gani? Hili la mwisho litakwambia mengi kuliko alama yoyote.

Tatu, kufuli. Ving'amuzi vingi vina namba ya siri ya kufunga vituo. Itumieni. Na msiache ile namba ya kiwandani, maana 0000 na 1234 kila mtoto Kawangware anazijua. Lakini kufuli ni msaidizi. Usilifanye ndilo mzazi.

Nne, zungumza na wanaokaa na mtoto. Wewe unaondoka saa kumi na mbili asubuhi unarudi saa mbili usiku. Mwenye rimoti ni nani? Ni dada wa kazi, ni nyanya, ni jirani. Usimgombeze dada wa kazi kwa jambo ambalo hukuwahi kumweleza. Kaa naye kwa heshima, mwambie hiki ndio, hiki sio, na hiki wewe mwenyewe tazama watoto wakilala. Na majirani wa ploti tukubaliane, Waislamu na wasio Waislamu. Hata wao hawapendi watoto wao waende kibandani.

Tano, weka kilicho bora. Tusiwe watu wa kulalamika tu. Ndugu zetu wa Malaysia mwaka 2007 walitengeneza katuni fupi ya kuwafunza watoto kuhusu Ramadhani. Ni mapacha wawili wa miaka mitano, Upin na Ipin, mayatima wanaolelewa na bibi yao na dada yao. Ilianza kwa vipindi vichache vya Ramadhani hiyo, ikapendwa, ikaendelea miaka mingi. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Ubongo Kids ilianza Dar es Salaam mwaka 2014, inafunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili safi. Na Akili Kids ilianza hapa Kenya mwezi wa Machi 2020, kituo kizima cha watoto, bila malipo ya mwezi. Mnakumbuka wakati ule. Shule zilikuwa ndio zimefungwa kwa sababu ya korona, na Ramadhani ya mwaka huo tukaswali tarawehe majumbani. Wengi wetu ndio mara ya kwanza tulikaa nyumbani tukaona kile watoto wetu wanachotazama mchana kutwa.

Na sita, kwa saa zile za pengo nilizosema. Baada ya tarawehe, runinga isiwashwe watoto wakiwa macho. Nusu saa tu ile: wale, wasimulie, walale. Wakati wa daku, badala ya runinga, mpe mtoto kazi. Apange tende, amimine uji, aamshe wenzake. Mtoto anayefanya kazi halali. Na ile saa moja kabla ya Magharibi, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, kama ni lazima runinga iwashwe, basi baba akae. Ndiyo, baba. Mama yuko jikoni, wewe umefunga na umejinyoosha. Kaa na watoto utazame katuni. Utaambiwa na watoto mambo ambayo hujawahi kuyasikia.

Sasa vijana, msidhani haya ni ya wazee. Nyinyi ndio kaka na dada wakubwa. Simu za nyumbani ni zenu, na baba mwenyewe akitaka kuweka namba ya siri ataita nani? Atakuita wewe. Naomba jumuiya yetu ifanye kazi moja Ramadhani hii. Gawaneni, kila mmoja atazame vipindi viwili vitatu vya watoto, muandike karatasi moja: hiki kinafaa miaka mingapi, kina nini kizuri, kina nini cha kuangaliwa. Mbandike kwenye ubao wa msikiti. Haitagharimu hata shilingi mia, na mama anayetoka tarawehe ataisoma.

Nimalizie na kijana wangu. Runinga tuliirudisha. Tukakubaliana kuwa atanitajia anachotaka kutazama, nami sitasema hapana kabla sijakaa nacho. Mara nyingine nilikubali, mara nyingine nilikataa na nikamweleza sababu. Alikasirika mara nyingi tu. Kule kushtuka usiku kulichukua muda kuisha. Leo ni barobaro, ana simu yake, na sijui yote anayoyatazama. Lakini Ramadhani iliyopita alikuja na simu mkononi baada ya daku, akaniambia, "Baba, kuna kitu wenzangu wamenitumia, nimeona si kizuri. Nikifute?" Nikamwambia kifute. Akakifuta. Tukaenda Alfajiri.

Wazee wangu, siku ile mwenye kuulizwa hatakuwa KFCB wala mwenye kituo cha runinga juu ya mtoto wangu. Nitaulizwa mimi. Nami ningependa niwe na la kujibu.

Tumwombe Mwenyezi Mungu atufikishe Ramadhani tukiwa na afya, atukubalie saumu zetu, awahifadhi watoto wetu macho yao, masikio yao na nyoyo zao, na atupe sisi wazazi subira ya kukaa nao. Amin.

Nikiwa nimesema jema, limetoka kwa Mwenyezi Mungu. Nikiwa nimekosea, kosa ni langu. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.